Hema la Gramu 640

Ugonjwa wangu ulikuwa gramu: kila nilichobeba kwenye safari zangu za baiskeli lazima kiwe chepesi. Mswaki nilikuwa nimeukata mpini, lebo za nguo nimezing'oa, na mizani ya jikoni ilishahamia chumbani kwangu. Kwa hiyo nilipoliona hema la mtu mmoja lenye gramu 640 tu, sikuuliza mara mbili.

Ningeuliza, ningeuliza nguzo ziko wapi.

Jibu nililipata porini, jua linazama. Nilikung'uta mfuko mara tatu, vikadondoka vigingi sita na karatasi ya maelekezo. Kumbe hema lile ni la watembea kwa miguu, husimamishwa kwa fimbo zao za kutembelea. Mwendesha baiskeli na fimbo wapi na wapi?

Basi baiskeli ikawa nguzo. Nilibana breki ya mbele kwa mpira isije ikabingirika, nikapitisha kamba ya hema juu ya tandiko, nikaivuta hadi kwenye kigingi upande wa pili. Hema likasimama. Lilipwaya kama suruali ya kuazima, lakini lilisimama, nami nikajipongeza.

Usiku wa manane matone yakaanza kuniangukia usoni. Mvua! Viatu viko nje! Nikachomoza kichwa: nyota tele, wingu hata la dawa hakuna. Mahema mengi mazito yana tabaka mbili. Langu lilikuwa na moja, tena nililifunga zipu mpaka juu kwa kuogopa mbu. Pumzi zangu za usiku kucha zilikuwa zimegeuka maji, sasa zinarudi kwa mwenyewe.

Nikiwa nimeduwaa hivyo, nusu nje nusu ndani, goti likaikumba kamba. Baiskeli ikaja. Meno ya gia yakachana kitambaa, pedali ikanikuta mbavuni. Nikaisukuma kando, nikajifunika lile hema gubigubi kama shuka, nikalala.

Alfajiri niliamshwa na minong'ono.

"Usimguse. Huyu ajali imemmaliza, tazama miguu."

"Sasa nani kamfunika?"

Nikaona ni adabu kusalimia. Nikaketi, hema likiwa bado kichwani, nikasema, "Habari za asubuhi?"

Sijapata kuona watu wazima wakitimua mbio vile. Mmoja aliangusha kofia. Nilimngoja saa nzima, hakurudi, na ninayo hadi leo. Ina gramu 82. Nimeipima.