Kuku wa Himalaya

Mimi mtoto wa Tanga, nasoma Dehradun, kaskazini mwa India, na kabla ya safari hii baridi kali niliyoijua ni ya friji la soda. Mwishoni mwa Machi nikajitia ushujaa: nikaazima kamera ya jirani wa bweni, lenzi ndefu kama mchi, nikapanda zangu Chopta kumtafuta monal, ndege wa milima ya Himalaya wa jamii ya kuku.

Chopta iko kama mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Pumzi unaivuta mara mbili ndipo ikufike moja. Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa masharubu, na kila mtu akimwita Dada-ji. Kihindi, dada ni babu mzaa baba. Nami nikamwita Dada, ulimi ukiwa mzito.

Saa moja kasoro asubuhi, chini ya mti wa burans uliojaa maua mekundu, nikamwona. Kijani cha kumetameta, zambarau, rangi ya shaba mgongoni. Dume! Nikalala kifudifudi kwenye theluji iliyobaki kivulini, nikatambaa kwa viwiko, theluji inaingilia kwenye kola na kutokea nisikokutaja. Wenzangu watatu kuona hivyo, nao chini. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Ndege mwenyewe mtulivu ajabu, anatikisika upepo ukipita tu. Hapo ningeshtuka, lakini nilishapenda. Nikafyatua picha 286.

Dada-ji akaja na birika la chai, akatukuta tumejipanga kama mamba ufukweni. Akatupita. Akainama kwenye kichaka, akaokota mfuko mtupu wa krispi, akaukunja mara nne, akautia kwenye koti.

Hakusema neno. Heri angecheka.

Tukarudi kibandani. Na nyuma ya kibanda, penye maganda ya viazi, monal wa kweli anafukua udongo kwa mdomo wake uliopinda, kishungi kinachezacheza kichwani, hana habari na mtu. Nikainua kamera: kadi imejaa! Nikaanza kufuta mifuko, mmoja mmoja, vidole vimekufa ganzi. Nilipofika wa tisa, akaruka. Nilichowahi ni kwa simu: mkia wa kahawia na weupe wa kiunoni, vyote ukungu.

Nikaituma nyumbani, kwenye kundi la familia. Dakika mbili hazikupita, mama akajibu: "Huyo kuku wa nani unamkimbiza? Mrudishie mwenyewe."