Kisukari cha mimba: lishe na mazoezi vinakinga kweli?

Mjamzito akiambiwa ana kisukari cha mimba, haraka huulizwa alikuwa anakula nini. Swali hilo linamwonea. Mimba inapokaribia nusu, homoni za kondo la nyuma huufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ili mtoto apate sukari ya kutosha. Kongosho lisipomudu kuongeza insulini, sukari hupanda, hata kwa mwembamba anayekula vizuri.

Wanaotilia shaka kinga wana hoja. Utafiti wa UPBEAT wa Uingereza, uliotolewa 2015, ulihusisha wajawazito 1,555 wenye unene uliokithiri. Waliopewa mafunzo ya mlo na mazoezi walirekebisha mlo, lakini kisukari hakikupungua. Walijiunga wiki ya 15 hadi 18.

Upande wa pili kuna Beijing, 2017: wajawazito 300 wenye uzito mkubwa. Walioendesha baiskeli ya mazoezi dakika 30, mara tatu kwa wiki, wakianza kabla ya wiki ya 13 chini ya usimamizi, waliougua walikuwa asilimia 22. Wenzao wasiopewa mazoezi hayo, asilimia 40.6. Ni utafiti mdogo, lakini nionavyo tofauti iko hapo: kuanza mapema, na kufanya kweli badala ya kushauriwa tu.

Lengo la kawaida ni dakika 150 kwa wiki, kwa kasi inayokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya mlo husaidia sana, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huchota sukari kwenye damu. Ukitoka damu au maji, ukipata kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha na uende kliniki.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga, robo protini, robo wanga usiokobolewa. Kosa linalowaponza wengi ni juisi: glasi moja hubeba sukari ya machungwa kadhaa bila nyuzinyuzi za kuipunguza kasi, tena hunywewa asubuhi, saa ambazo insulini hufanya kazi kwa shida zaidi. Kuruka mlo nako si kinga. Njaa huishia kwenye sahani iliyojaa kupita kiasi.

Hata aliyefanya yote haya apime wiki ya 24 hadi 28: anafunga usiku, anakunywa gramu 75 za glukosi. Milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya mbili, kimoja tu kikifikiwa, ni kisukari. Hapo sahani ileile na matembezi yaleyale huwa ndiyo tiba ya kwanza, na wengi hawahitaji sindano za insulini.