Mafua ya ndege: mwili wa mgonjwa, au siku aliyofika hospitali?

Novemba 2024, binti wa miaka 13 wa British Columbia, Canada, alifika hospitali akiwa na macho mekundu na homa. Akarudishwa nyumbani bila dawa. Siku chache baadaye akaletwa tena, safari hii anahema kwa taabu na figo zinaanza kugoma. Ilibidi awekwe kwenye mashine inayoitoa damu nje ya mwili, kuitia oksijeni na kuirudisha. Alikuwa na H5N1, kirusi cha mafua ya ndege, na alipona. Mwaka huohuo Marekani ilihesabu wagonjwa zaidi ya 60, wengi wakiwa vibarua wa mashamba ya ng'ombe wa maziwa na ya kuku, na wengi wao hawakupata zaidi ya macho kuwasha na mafua mepesi.

Mmoja anachungulia kaburi, mwingine anafikicha macho. Kwa nini?

Jibu la kwanza la madaktari wengi ni mwili. Binti yule alikuwa na pumu na uzito mkubwa. Mgonjwa wa kwanza kufariki Marekani, huko Louisiana Januari 2025, alikuwa na zaidi ya miaka 65 na maradhi mengine. China nako, H7N9, kirusi kingine cha mafua ya ndege kilichozuka mwaka 2013, kiliwapata watu zaidi ya 1,500, na takriban wanne katika kila kumi walifariki. Wengi walikuwa wanaume wa makamo na wazee, baadhi wakiwa na kisukari au magonjwa ya moyo.

Hoja hiyo ina uzito, ila H5N1 haiitii sawasawa. Tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limeandikisha wagonjwa zaidi ya 900, karibu nusu wakafa, na wengi wao walikuwa watoto na vijana waliokuwa wazima kabisa. Utafiti wa mwaka 2016 ulitoa maelezo yanayonivutia: mafua ya kwanza kukupata utotoni huacha alama kwenye kinga yako. Waliozaliwa kabla ya 1968 wengi walianza na mafua yaliyo jamaa wa H5N1, waliozaliwa baadaye wakaanza na ndugu wa H7N9. Kwa hiyo uzee, ambao ni hatari kwa kirusi kimoja, unaweza kuwa ngao kwa kingine.

Sasa tazama Indonesia na Misri. Indonesia ilipata wagonjwa 200, wakafa 168. Misri walipindukia 350, wakafa wapatao 120. Kuna wanaosema virusi vya nchi hizo mbili havikuwa ukoo mmoja, na ni kweli. Lakini ukoo peke yake hautoshi: binti wa Canada na marehemu wa Louisiana walikuwa na aina iitwayo D1.1, na aina hiyohiyo iliwapata wafanyakazi wa kuku jimboni Washington wakaugua kidogo tu. Kilichotofautiana pia ni siku. Misri watoto wengi walifikishwa hospitali mapema, na oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya mafua, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48. Indonesia wengi walichelewa, baadhi wakitibiwa kwanza dengi au homa ya matumbo.

Wapinzani watasema takwimu hizi zina kasoro, kwani mgonjwa mwepesi haendi hospitali, hivyo kiwango cha vifo huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Nakubali. Hata hivyo, kati ya umri, pumu, ukoo wa kirusi na kuchelewa, ni kuchelewa tu ambako mhudumu wa zahanati anaweza kukufanyia kitu leo.

Na kwetu kuchelewa ni rahisi mno. Kuku wakifa wanne kwa usiku mmoja, mama anasema ni kideri, na mara nyingi anasema kweli. Yule aliyeanza kusinzia anachinjwa kabla hajafa, ananyonyolewa kwa maji moto jikoni, mtoto akishika miguu. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege, ya aina ya H5N8, ndege wa porini walipokufa kandokando ya Ziwa Victoria. Hakuna mtu aliyeripotiwa kuugua. Ila siku mtu akija na homa, atapimwa malaria, isipoonekana atapewa antibayotiki, arudi nyumbani. Tunasalimiana kwa kuulizana habari za watoto, za shamba, za mifugo. Kwenye chumba cha daktari salamu hiyo hukatwa kabla haijafika kwa kuku.