Baba Mkwe na Saa ya Bunge
Sijui ni nani aliyemwambia baba mkwe wangu kwamba saa ya serikali haidanganyi, lakini akijitokeza nitamdai nauli ya watu wawili kutoka Kayole hadi katikati ya jiji, tena nauli ya siku ya mawingu, ambayo wenye matatu huipandisha kabla tone la kwanza halijagusa ardhi. Mzee alikuja kutoka Kakamega na saa yake ya mkononi ya kutia ufunguo, akakataa katakata kuirekebisha kwa kufuata simu yangu, eti saa isiyo na mishale haina adabu, na akatangaza mbele ya binti yake kwamba ataipatanisha na saa ya mnara wa Bunge tu. Mbele ya mke wangu mtu hawezi kumkatalia baba yake jambo lolote.

Ukweli ni kwamba sisi wa Nairobi hatuutazami mnara ule, kwa sababu anayetembea mjini huku ameinua uso hupoteza simu, au mguu wake huishia mtaroni. Jengo lenyewe, ambalo Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa miongoni mwa wasanifu wake, lilikamilika mwaka 1954, Hali ya Hatari ya enzi za Mau Mau ikiwa bado inaendelea, ili Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni lipate mahali pa kuketi. Nilimweleza mzee haya yote kwa ufasaha, nikitumaini ataridhika na historia turudi nyumbani. Hakuridhika. Aliuliza kwa nini mnara wa heshima namna hiyo ni mfupi kuliko KICC, jengo la mikutano ya kimataifa lililo karibu, nami nikamjibu kwamba hilo lilifunguliwa mwaka 1973 na lina ghorofa 28.

“Ghorofa zote hizo,” akasema kwa masikitiko, “na hawakukumbuka kutia saa?”

Nilipomweleza kwamba watu hulipa ili kupanda juu ya paa lake na kuutazama mji, aliniangalia kama mtu aliyemwoza binti yake kwa mwendawazimu. Hata hivyo, fedha alizokataa nisitumie kwa kupanda zilimwishia mpiga picha wa uwanjani, aliyemsimamisha mzee wima, mkono wa kushoto ukiwa kifuani ili saa ionekane vizuri, na aliyetoza picha ya pili kwa sababu katika ile ya kwanza mishale haikusomeka.

Hatimaye tulifika mbele ya mnara. Mzee alivaa miwani, akasogeza mshale mrefu wa saa yake mbele kidogo, akatia ufunguo, akatabasamu. Nami nikatabasamu, nikageukia upande wa stendi. Ndipo aliponivuta shati na kutaka tuzunguke, aone kama uso wa pili wa mnara unasema kama ule wa kwanza, na kwa kuwa pale mtu hakati njia ya mkato anavyotaka, tulizunguka kwa kufuata barabara hadi Uhuru Highway, yeye mbele, mimi nyuma nikibeba koti lake, huku mke wangu akipiga simu kuuliza kama chakula akifunike au agawie watoto.

Nyuso hizo mbili zilikubaliana. Mzee akatikisa kichwa.

“Hizi ni za nyumba moja, mwanangu, haziwezi kusalitiana. Tutafute shahidi wa nje. Stesheni ya reli iko wapi?”

Stesheni iko mwisho wa Moi Avenue, na mvua ilikuwa imeanza.