Chanjo kwa plasta: faida yake kubwa si kutoumiza

Plasta ya vijisindano, inayobandikwa kwenye ngozi ili kuingiza chanjo badala ya sindano, ikitajwa, sifa ya kwanza inayopewa ni kwamba haiumi. Ni kweli. Vijisindano vyake havifiki urefu wa milimita 1. Vinatoboa tabaka la juu la ngozi, vinayeyukia humo na kuiacha dawa, na ni vifupi mno kugusa mishipa mingi ya maumivu. Lakini kwa zahanati zetu za Dar es Salaam, maumivu ni jambo dogo. Mtoto aliyechomwa sindano hulia kidogo, akipewa ziwa ananyamaza. Tatizo letu ni kichupa.

Chanjo ya surua na rubella, ambayo mtoto wa Tanzania hupewa akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, huja ikiwa unga, mara nyingi katika kichupa cha dozi 10. Ikishachanganywa na kiyeyusho chake haitakiwi kupita saa 6, inayobaki inatupwa. Mama akifika mchana na mtoto mmoja, muuguzi ana njia mbili: afungue kichupa na huenda akamwaga dozi tisa, au amwambie, "Mama, rudi siku ya chanjo." Mama aliyetoka Chamazi kwa daladala na kufunga genge lake asubuhi nzima anaweza asirudi. Mtoto huyo hakukosa chanjo kwa kuogopa sindano. Amekosa kwa sababu watoto wa kutosha kufungua kichupa walikuwa hawajatimia. Plasta ni dozi moja ya mtoto mmoja: hakuna cha kusubiri wala cha kumwaga.

Kuchanganya nako kuna hatari. Mwaka 2017 huko Sudan Kusini watoto 15 walifariki baada ya kupewa chanjo ya surua iliyochafuliwa. Bomba moja la kuchanganyia lilitumika kwa vichupa vingi, na chanjo ilikaa siku nne bila friji. Plasta inafuta moja kwa moja makosa ya kuchanganya na kurudia bomba, na kwangu hoja hii ina uzito kuliko zote.

Ushahidi nao upo. Nchini Gambia, plasta ya surua na rubella ilijaribiwa kwa watu wazima 45 na watoto 240, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Kwa watoto wachanga wa miezi 9 hadi 10, waliojenga kinga dhidi ya surua walikuwa asilimia 93 kwa plasta na asilimia 90 kwa sindano. Wengi walipata ugumu mdogo wa ngozi pale ilipobandikwa, bila madhara makubwa. Ila hilo lilikuwa jaribio la hatua za mwanzo. Watoto 240 hawatoshi kuonyesha madhara ambayo humpata mmoja kati ya maelfu.

Wanaosita wana hoja nyingine, nami nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Plasta hubeba dawa kidogo sana, kwa kawaida chini ya miligramu 1. Kwa chanjo inatosha, tena ngozi imejaa seli za kinga. Lakini mtu mzima wa kilo 60 mwenye malaria kali huhitaji takriban miligramu 144 za dawa ya artesunate kwa dozi moja. Anayetangaza kwamba sindano zinakwenda kuisha anawadanganya wagonjwa.

Kuna pia suala la uhakika. Muuguzi akichoma sindano, anaona bomba limeisha dawa. Plasta ikibanduliwa mapema na mtoto anayetapatapa, au ikilegea kwa jasho, nani atajua ni kiasi gani kimeingia? Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka ikifika iuzwe famasi, kila mzazi ajibandikie mwanawe nyumbani. Bidhaa bandia zitaifuata sokoni, na kadi ya kliniki itabaki bila kujazwa. Ianzie kliniki, bure kama chanjo nyingine, mikononi mwa muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii aliyefundishwa. Wala isiwe kisingizio cha kupunguza wauguzi.

Bei nayo si ndogo kama plasta yenyewe. Dozi ya chanjo hii kwenye kichupa hununuliwa kwa chini ya dola 1, na viwanda vyake vipo tayari. Vya plasta ni lazima vijengwe, na kabla havijazalisha kwa mamilioni gharama itakuwa juu. Hata hivyo hesabu ya haki ijumlishe dozi zinazomwagwa, mabomba, masanduku ya kutupia sindano na umeme wa friji.

Jambo ambalo naliona limesahaulika ni unyevu. Vijisindano vinavyoyeyuka hutengenezwa kwa sukari na polima zinazovuta maji, vikilainika havitoboi. Wanaosifu kwamba plasta inavumilia joto wajibu na hili, kwa sababu hapa joto la Machi huja na mvuke wa bahari. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kabla ya kuisajili, idai vipimo vya plasta zilizokaa miezi kadhaa katika stoo ya zahanati isiyo na kiyoyozi, Temeke au Kigamboni, kisha zipimwe upya kama bado zinatoboa na kama chanjo iliyomo bado ni hai.