Mwenyeji Ndiye Apige Simu Kwanza

Ukiishi kaskazini mwa Marekani na una ndugu majimbo mengine, unajua Krismasi inavyopangwa. Kundi la WhatsApp la ukoo linaanza kuchemka Oktoba. Nani analeta mchele, nani anachoma mishkaki, watoto walale chumba gani, godoro la upepo liko kwa nani. Desemba inafika kila kitu kimeshapangwa, na jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni hali ya hewa. Halafu theluji inaanguka wiki ile ile, watu wanaduwaa kana kwamba Desemba ya huku ni ya Dar.

Maoni yangu, na nimeshayasema kwenye kikao cha familia nikanuniwa, ni kwamba theluji peke yake haivurugi safari hizi. Kinachozivuruga zaidi ni aibu. Mgeni anaona aibu kusema haji, mwenyeji anaona aibu kusema msije, na kwa sababu hakuna anayetaka kuanza, watu wanaingia barabarani na watoto kwenye kiti cha nyuma. Tumelelewa na "mgeni njoo, mwenyeji apone". Ni usemi mzuri. Ila waliotuachia usemi huo walikuwa wanasafiri kwenye njia za matope na jua, na mgeni aliyekwama njiani alilala kijiji cha jirani akafika kesho yake.

Desemba 2022 sisi tulikuwa tutoke Columbus, Ohio, twende Buffalo, New York, kwa wifi yangu. Watoto walikuwa wameahidiwa Krismasi kwa shangazi, kisha maporomoko ya Niagara. Kwa gari ni mwendo wa kama saa tano: unapanda barabara kuu ya I-71 mpaka Cleveland, unaingia I-90, unafuata ukingo wa Ziwa Erie mpaka unafika. Kiangazi ni njia ya kupendeza sana. Wakati wa baridi, ukingo huo huo wa ziwa ndio wenye matatizo.

Buffalo imekaa kwenye ncha ya mashariki ya ziwa. Mwezi Desemba maji ya Erie huwa bado hayajaganda, na yana joto kuliko hewa iliyo juu yake. Upepo mkali wa baridi ukivuma kutoka kusini-magharibi unapita juu ya ziwa kwa urefu wake wote, unabeba mvuke, na ukifika nchi kavu unaumwaga kama theluji. Ndiyo maana kitongoji kimoja kinaweza kuzikwa huku kingine, kilomita chache tu pembeni, watu wanatembea juani. Novemba ya mwaka huo huo Orchard Park, kusini mwa Buffalo, ilikuwa imepata zaidi ya mita 2 za theluji katika siku chache. Kwa hiyo wifi yangu alipoulizwa kuhusu tufani iliyokuwa ikitangazwa, alijibu kama mtu aliyezoea: "Wifi, juzi tu wenzetu wamefukiwa mpaka madirishani na wako hai. Njooni bwana, nyama nimeshanunua."

Lakini safari hii onyo lilikuwa la aina nyingine. Ofisi ya Buffalo ya Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ilianza kuonya siku kadhaa kabla, na ikaieleza tufani hiyo kuwa ya namna inayotokea mara moja katika kizazi. Watu wa utabiri si wapenda maneno makubwa. Wakisema hivyo, wamekaa wakapima. (Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anayepuuza utabiri wa hali ya hewa ataweka fedha kwenye utabiri wa mechi bila wasiwasi.) Mume wangu alisoma onyo hilo, akaweka simu chini, akasema, "Mama Neema, hatuendi."

Nje ya dirisha letu hapakuwa na theluji hata chembe. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Uamuzi wa kutosafiri una maana ukifanywa mapema, na mapema ni wakati ambapo bado unaonekana mwoga. Wifi yangu alinuna kweli kweli. Alikuwa na mbuzi kwenye friza na sufuria ya kuazima. Jioni hiyo mama mkwe akapiga simu kutoka Moshi kuuliza tumegombana nini na binti yake. Nilipomweleza akashangaa: "Theluji tu? Mbona hata huku mlimani ipo."

Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 23, mvua iliyokuwa ikinyesha Columbus iligeuka barafu na joto likaporomoka mpaka karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Ijumaa hiyo, kwenye barabara kuu ya kulipia ya kaskazini mwa jimbo letu, Ohio Turnpike, magari zaidi ya 40 yaligongana kwa mkupuo na watu 4 wakafa. Upande wa Buffalo, kaunti ya Erie ilipiga marufuku magari barabarani kuanzia saa tatu na nusu asubuhi, na tangazo lenyewe lilitoka chini ya saa moja kabla, wakati watu wengi walikuwa wameshafika makazini. Tufani ilidumu saa 37. Kwenye uwanja wa ndege wa Buffalo zilipimwa karibu sentimita 130 za theluji. Magari ya zimamoto yalinasa barabarani, na waliopiga simu za dharura walijikuta hakuna wa kuwafikia. Katika kaunti ile walikufa zaidi ya watu 40: wengine ndani ya magari yao, wengine wakitembea kwa miguu, wengine majumbani bila umeme wala joto. Ndani ya jiji lenyewe wengi wao walikuwa Weusi, na hilo halikuwa la bahati mbaya tu. Wakazi wa mitaa ya maskini walilalamika kwamba barabara zao ndizo zilizosafishwa mwisho.

Kuna kisa kimoja cha tufani hiyo ambacho kila mtu anakipenda, nami nakipenda. Watalii kutoka Korea Kusini walikuwa njiani kwenda Niagara, gari lao likanasa Williamsville, nje kidogo ya Buffalo. Wakagonga nyumba ya jirani kuomba beleshi. Mwenye nyumba alitazama hali ilivyo, akawaambia waingie ndani. Watu 10, pamoja na dereva, walilala pale wikendi nzima na wakawapikia wenyeji wao vyakula vya Kikorea. Kisa kitamu. Lakini wikendi hiyo hiyo, Cheektowaga, nako nje kidogo ya Buffalo, fundi magari mmoja aligonga mlango baada ya mlango akiomba alale hata sakafuni, akakataliwa, na mwishowe akavunja dirisha la shule akaingiza humo watu zaidi ya 20 aliowakuta wamekwama. Ukisimulia cha kwanza, simulia na cha pili. Wale Wakorea walikuwa wakienda kule kule ambako watoto wangu walikuwa waende, na sina njia ya kujua sisi tungegonga mlango wa nani.

Ndiyo maana nasema mwenyeji ndiye apige simu kwanza. Yeye ndiye anayeijua barabara ya mtaani kwake, anajua kama mji husafisha njia yao mapema au huwasahau, anajua kama umeme wao hukatika upepo ukizidi. Zaidi ya hayo, yeye ndiye mwenye ruhusa mkononi. Kwetu sisi mgeni akisema "siji" amekataa mwaliko. Mwenyeji akisema "msije, mbuzi atakaa friza, tutamla Pasaka", hakuna aliyekataliwa. Sentensi moja inaondoa lawama zote, na mama mkwe hapigi simu kutoka Moshi.

Najua wapo watakaosema tukisikiliza kila onyo hatutatoka ndani Desemba hadi Machi. Sijasema kila onyo. Sentimita 10 za theluji Columbus zinatusumbua asubuhi, mchana maisha yanaendelea. Ninazozitazama ni dalili mbili: upepo mkali pamoja na theluji, kwa sababu hapo huoni hata boneti ya gari lako, na mvua inayofuatwa na baridi ya ghafla, kwa sababu lami inapata barafu nyembamba usiyoiona mpaka gari limeshageuka. Moja ya hizo ikitajwa njiani kwetu, mazungumzo yameisha.

Na ukishanasa? Januari 2022 watu walikaa zaidi ya saa 24 ndani ya magari kwenye I-95, Virginia, akiwemo seneta Tim Kaine aliyekuwa akielekea Washington. Kwa hiyo blanketi, maji, vitafunio, dawa za watoto, beleshi dogo na chaja vikae ndani tulipo sisi, si kwenye buti litakalogandishwa likagoma kufunguka. Usishuke kwenda kutafuta msaada kwa miguu katika theluji isiyokuonyesha mbele. Washa injini kwa vipindi vifupi, na kila kabla ya kuwasha, hakikisha theluji haijaziba ekzosi. Ikiziba, moshi unarudi ndani pamoja na hewa yake ya sumu, kaboni monoksidi. Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa tunaijua hewa hii: ndiyo ile ile inayoua watu waliolala na jiko chumbani wakafunga madirisha. Haina harufu, haikuamshi.

Waliosafiri kwa ndege nao walikuwa na yao wiki hiyo ya Desemba 2022. Southwest, shirika la ndege la Marekani, ilifuta karibu safari 17,000, abiria zaidi ya milioni 2 wakakwama, kwa sababu mfumo wake wa kupanga marubani na wahudumu ulilemewa hata baada ya mashirika mengine kurudi kazini. Mwaka uliofuata serikali iliitoza faini ya dola milioni 140. Hapo nina neno dogo tu: ndege ikifutwa Marekani na ukaamua husafiri tena, haki yako ni fedha yako kurudi, kwa hiyo usiharakishe kupokea vocha kaunta kwa sababu umechoka na mtoto analia. Hoteli ya kulala ni jambo jingine. Hali ya hewa ikiwa ndiyo sababu, sheria ya Marekani hailazimishi shirika kukulipia. Ulaya ni tofauti. Ukikwama Amsterdam au Frankfurt ukiwa njiani kwenda nyumbani, shirika linapaswa kukupa chakula na mahali pa kulala hata kama kosa ni la theluji. Watu wetu wengi wanalala kwenye viti vya uwanja bila kuuliza.

Watoto tuliwaambia siku ile ile, bila "labda" wala "tutaona". Walilia jioni moja. Nimeona wazazi wakiwafungasha watoto kila asubuhi na kuwafungua kila usiku wakingoja hali ibadilike, na hao ndio watoto wanaoumia. Wetu walivaa pajama mpaka Krismasi ikaisha, wakaongea na shangazi yao kwa video kila alipokuwa na umeme. Alikuwa na blanketi mabegani na kofia kichwani, ndani ya nyumba. Hakununa tena.

Niagara tulikwenda Julai. Hoteli ya Desemba ilikuwa imetukata malipo ya usiku mmoja, na mume wangu aliisema fedha hiyo mpaka nikamchoka. Sasa kwenye bajeti ya safari za Desemba nimeiwekea mstari wake, chini ya mafuta na juu ya zawadi. Mwaka isipotumika tunanunua mbuzi mkubwa zaidi.