Maji ya Rufiji sasa yana mwenyewe

Bibi yangu hakuhesabu miaka, alihesabu maji. Fulani kazaliwa kabla ya maji ya sitini na nane, fulani kaolewa maji ya sabini na nne. Ukimwuliza habari za mafuriko, kwanza alikusimulia mahindi.

Sisi wa mjini hilo linatupita. Rufiji, bonde la mto huko Pwani ya Tanzania, kwa zamani ililishwa na mafuriko. Mpunga hupandwa na mvua za mwanzo. Mto ukijaa, Machi au Aprili, nao mpunga unarefuka na maji. Familia iko juu ya dungu, kibanda cha nguzo, na vyungu vyake na kuku wake, mtumbwi umefungwa kwenye nguzo. Maji yakirudi yanaacha tope jeusi, na humo unapandwa mlau: mahindi yasiyodai mbolea wala mvua. Mwaka ambao mto haukufurika ndio walioogopa.

Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu kwenda vijiji vya juu. Sawa, roho zilisalimika, lakini shamba halihamishiki. Watu wakawa wanalala juu na kulima bondeni, na nguruwe wakajua saa za kuja.

Aprili 2024 nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti yakazama tena, na mapema Mei, kabla matope hayajakauka, kimbunga Hidaya kikaja kutoka baharini upande wa kisiwa cha Mafia. Mitandaoni wimbo ukawa ule ule: wakaidi hao, si wahame! Ukaidi gani? Mtu anakaa palipo na chakula chake.

Kilichobadilika ni mto wenyewe. Tangu Desemba 2022, lilipoanza kujazwa bwawa la umeme la Julius Nyerere, Rufiji ina milango. Tumeambiwa kwamba bila bwawa maji ya 2024 yangezidi yale. Nakubali. Ila bibi alisoma rangi ya maji na magugu yanayoelea, na dalili hizo hazikwambii mlango wa bwawa utafunguliwa lini. Mwenye funguo ndiye mwenye kalenda sasa, basi aitangaze mapema: siku gani, maji kiasi gani, kwa simu na kwa spika ya msikiti. Na mwaka wa ukame aachie maji ya mlau, na ya ziwa Ruwe na Zumbi wanakozaliana samaki. Umeme wa megawati 2,115 hauliwi na ugali.

Mjomba ana debe la mbegu juu ya dari. Kila Aprili hunipigia: "Mwanangu, huko mjini hujasikia lolote kuhusu maji?"